Bibi Misitu na Kamera Zake Saba

Bibi Misitu hakubisha hodi dukani kwangu hata siku moja. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaondoa ubaridi kwenye bati, nilikuwa nikiinua kichwa kutoka kwenye mashine ya kutolea nakala namkuta ameshakaa kwenye benchi, viatu vina tope, mfuko wa plastiki uko mapajani. Hakuwa mtu wa kunyata. Ila miaka mingi ya kutembea msituni ilikuwa imemzoeza kuweka mguu chini bila kuiarifu ardhi, na nadhani hata mwenyewe alikuwa hajui tena kutembea kwa kishindo kama sisi wengine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Atu. Hebu tuone wameshindaje."

Wanyama aliwazungumzia hivyo, kama majirani wa mtaa wa pili. Ndani ya ule mfuko mlikuwa na memori kadi saba, kila moja imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Nilikuwa nazichomeka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, naye anavuta kiti karibu, anavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na kwa saa mbili au tatu duka langu la stesheneri linageuka kuwa kitu kingine.

Kijiji alichozaliwa sikijui, wala sikuwahi kumuuliza ukoo. Mimi ni mtu wa Mbeya, wa Tukuyu. Nilipofika Sumbawanga kufungua duka nilimkuta ameshastaafu kazi ya misitu, lakini cheo kilikuwa kimemganda. Padri alimwita Bibi Misitu. Wauza maharage sokoni walimwita Bibi Misitu. Hata mpwa wake aliyekuwa akiishi naye alimwita hivyohivyo. Watafiti fulani walikuwa wamekuja zamani wakafunga kamera za mtego kwenye msitu wa Mbizi, visanduku vidogo vya rangi ya majani makavu, vinavyofungwa kwenye mti kwa mkanda. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, kamera inajipiga yenyewe: mchana kwa jua, usiku kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Walipoondoka walimwachia saba. Kompyuta waliyomwachia ilikufa mwaka uleule, ndipo akaingia dukani kwangu.

Mwanzoni nilidhani ni kazi ya kupendeza, kutazama mbega wekundu na paa. Kulikuwa na hayo pia. Lakini picha za kamera ya mtego si kama picha nyingine. Hakuna mtu aliyesimama nyuma yake akachagua. Unaona mahali ambapo hakuna aliyekuwepo, saa ambayo hakuna aliyekuwa macho, na kitu kinapita katikati ya majani na shughuli zake, hakijui kwamba Jumamosi mwanamke kutoka Tukuyu atakuwa anakitazama huku anakunywa chai. Baada ya mwezi wa kwanza nilianza kufunga pazia la nyuma la duka. Sikujua namficha nani, wala nani asimwone.

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia. "Kamera haikwambii kuna nini. Inakwambia kulikuwa na nini." Alikuwa akiusema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli.

Siku moja tuliona picha yake mwenyewe. Ilitokea mara nyingi, kwa sababu alipokwenda kubadilisha betri kamera ilimpiga pia, na picha hizo alizifuta haraka. Hii alichelewa kuifuta. Alikuwa ameinama kwenye njia, mgongo kwa kamera, anafunga kamba ya kiatu. Nikabonyeza inayofuata. Njia ileile, majani yaleyale, na chui amesimama palepale alipokuwa ameinama, ananusa chini. Saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa imesogea dakika nne.

Nikamwangalia. Alikuwa anatabasamu kidogo.

"Ananisindikiza," akasema.

"Bibi, ungekwenda tena kule peke yako?"

"Nimeshakwenda mara tatu tangu hapo. Angekuwa na shida na mimi angeshasema."

Mtu huyohuyo hakupanda bodaboda. Alikuwa akitembea saa mbili kutoka kwake Mollo hadi mjini, mvua inyeshe au upepo wa mwezi wa sita upasue midomo, kwa sababu alisema pikipiki ni chombo cha watu waliochoka kuishi. Na hakukubali kupigwa picha na mtu. Mwanangu alipohitimu darasa la saba tulimwalika, tukakaa mstari mbele ya nyumba. Bibi Misitu akaondoka polepole akasimama jikoni mpaka tukamaliza. Nilimtania kwamba yeye anawapiga wanyama bila kuwaomba ruhusa. Hakucheka. "Ndiyo maana najua kinachochukuliwa," akajibu.

Kulikuwa na Jumamosi za ajabu. Kadi moja ilikuja na picha mia nne za majani matupu, zote za mchana wa siku moja, moja baada ya nyingine bila kupumzika, kana kwamba kitu kilikuwa kimesimama kando tu ya pale kamera inapoona. Bibi Misitu alizipitia zote mia nne. Mimi nilichoka kwenye ya hamsini. Alipomaliza akavua miwani akasema ni upepo na jua, majani yamepata joto. Kisha kamera ile akaihamishia mti mwingine.

Mara nyingine alikuja mfugaji wa Kisukuma, mtu mzima, amepanda mlima kutoka upande wa Kaoze akitafuta mtamba wake. Alikuwa amesikia kuna bibi anayeona msituni. Tulimtafutia. Mtamba alikuwepo kwenye picha moja, usiku, anatembea peke yake kwenye njia ya nguruwe pori, shingo imenyooka, ametulia kama anayekwenda nyumbani. Picha iliyofuata ilikuwa na fisi wawili, nusu saa baadaye, wanaelekea kulekule. Bibi Misitu hakumwonyesha ile ya pili. Yule mzee aliomba aione ile ya kwanza tena, na tena. "Anaonekana mzima," akasema. Akashukuru, akaondoka.

Watu walikuwa na sheria yao kwake. Picha yoyote yenye mtu ilifutwa, na niliapa mbele yake kwamba sitasema nilichokiona. Tuliona mengi. Wakata kuni tuliwafahamu kwa migongo. Tuliona mke wa mtu na mume wa mtu. Tulimwona kiongozi mmoja wa kanisa amepiga magoti mbele ya jiwe, ameweka unga na kuku mweupe. Bibi Misitu alikuwa akifuta zote kwa kidole kilekile, uso hauonyeshi kitu. "Sikwenda kuwatega hawa," alikuwa akisema. Lakini mnyama hakumfuta hata mmoja. Hata mkia uliotokea ukingoni, hata jicho tu gizani, aliuhifadhi. Kwake kumfuta mnyama ilikuwa sawa na kumnyima ushahidi kwamba aliishi.

Kwa hiyo siku alipomfuta fisi, nilijua limetokea jambo.

Ilianza na mbuzi. Katika kitongoji kimoja nyuma ya Mollo, pale mashamba ya ulezi yanapoishia na miti inaanza, mbuzi walikuwa wanachukuliwa. Mtu mmoja alikuwa amepoteza wanne. Nitamwita Mwenye Mbuzi, kwa kuwa bado yu hai na anapita dukani kwangu. Si kuchukuliwa tu kulikowatia watu hofu. Walisema mnyama haogopi moto wala kelele, na nyayo zake kila asubuhi zinapita kwenye mlango wa nyumba ya mwisho, ambako aliishi bibi mmoja mjane, peke yake, mkongwe kuliko wote. Nyayo zinafika kizingitini, zinatulia, zinarudi msituni.

Mgeni anayekuja huku hukumbushwa kwa mzaha kwamba jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi. Pale hapakuwa na mzaha. Watu walisema fisi yule ni wake, anamfuga, anampanda. Mwenye Mbuzi alisema kwa sauti kwenye kilabu cha pombe kwamba kabla mvua hazijaanza suala hilo litakuwa limekwisha. Vijana walimwitikia. Kuna maneno ambayo mtu akishayasema mbele ya wenzake hawezi kuyameza tena.

Bibi Misitu alinieleza hayo akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alikwenda akafunga kamera mbili. Moja kwenye zizi la Mwenye Mbuzi, ya pili kwenye mkaratusi unaotazama nyumba ya mwisho. Nia yake ilikuwa njema na rahisi: awaonyeshe kwamba ni fisi wa kawaida, mwenye njaa ya kawaida.

Kadi ya zizini ilimpa alichotaka. Fisi jike, mbavu nje, na shingoni ana waya. Mtego wa waya wa breki za baiskeli, wa kutegea paa, ulikuwa umemkaba na kuzama kwenye nyama, kipande chake kinaning'inia. Mnyama kama huyo hawezi kukimbiza kitu. Anakwenda penye mbuzi aliyefungwa.

"Ndiyo hii," Bibi Misitu akasema. "Haya, weka ile nyingine."

Kadi ya mkaratusi ilikuwa na picha nyingi za kuku na watoto. Kisha usiku, saa tisa na dakika chache. Fisi yuleyule anaingia uwanjani kwa bibi, kichwa chini. Nikabonyeza.

Bibi mkongwe alikuwa amekaa nje ya mlango wake kwenye kigoda, amejifunga kanga mbili. Kichwa cha fisi kilikuwa mapajani mwake. Mikono yake yote miwili ilikuwa shingoni kwa yule mnyama.

Nikabonyeza tena kwa sababu kidole kilikuwa pale, si kwa sababu nilitaka. Sasa wote wawili walikuwa wamegeuka. Walikuwa wanatutazama. Macho ya fisi yaliwaka meupe kama taa mbili. Ya bibi hayakuwaka, yalikuwa mashimo tu kwenye uso uliotulia. Wametazama moja kwa moja ndani ya kamera, kama watu walioitwa kwa majina.

Picha iliyofuata ilikuwa ya kigoda peke yake.

Nilitaka kusali na sala haikuja. Nimekulia kwenye nyumba ya kanisa, lakini pia nimekulia kwenye hadithi za bibi yangu, na dakika ile sikujua nimesimama wapi. Nje mteja aliuliza kama tunauza madaftari makubwa. Nikasema hatuna, na yalikuwa yamejaa nyuma yangu.

Bibi Misitu akaniuliza, "Wewe unaamini nini, Mama Atu?"

"Sijui, bibi."

"Mimi pia sijui. Ila najua wakiiona hii, huyu mama hatamaliza juma."

Akauondoa mkono wangu kwenye kipanya. Akazifuta yeye mwenyewe, ile ya mikono, ile ya macho, ile ya kigoda. Kompyuta ilimuuliza kila mara kama ana uhakika, na kila mara alisubiri kidogo kabla ya kujibu.

Jumapili ya juma lililofuata, baada ya misa, watu wa kitongoji walikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Nilibeba kompyuta. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaagiza wapite kwa mstari, nami nikawaonyesha fisi na waya wake, kutoka kila upande. Kisha Bibi Misitu akawaonyesha picha za wiki iliyofuata: fisi yuleyule, sikio lililochanika lilelile, waya hakuna, kidonda kimeanza kufunga. Wiki ile yote hakuna mbuzi aliyechukuliwa.

"Mnamtafuta mchawi," akasema. "Mimi natafuta aliyetega waya."

Bibi mjane hakuwepo, nani angemleta? Mwenye Mbuzi alikuwa amekaa dawati la nyuma, mikono kifuani. Kijana mmoja akainuka, mmoja wa wale vijana wa kilabuni, akasema kwa heshima ya kutosha, "Shikamoo, Bibi Misitu. Mimi nauliza tu. Huo waya ulitokaje? Fisi ana mikono?"

Wachache walicheka, kicheko kibaya. Niliona Bibi Misitu akifungua mdomo. Mwanamke ambaye hakuwahi kubadilisha hata saa kwenye picha alikuwa anatafuta uongo, na alikuwa hajui uongo unakaa wapi.

"Waya wa breki hukatika," sauti ikatoka nyuma.

Wote wakageuka. Alikuwa Mwenye Mbuzi. Hakusimama.

"Ni waya wangu," akasema. "Mimi nilitega. Ulikuwa na kutu, nilijua hautadumu. Mbuzi wangu nimewaua mwenyewe. Basi."

Mtu anayedai akishasema basi, hakuna mwingine wa kudai. Mwenyekiti alifunga mkutano. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, kwa kuwa bodaboda haikuzungumzika, nilimwambia Bibi Misitu kwamba yule bwana ameona aibu, na aibu ni kitu kizuri. Alikubali. Tuliamini hivyo kwa miaka.

Yule bibi mjane alichukuliwa na binti yake akaenda kuishi Kirando, ziwani. Nyumba ya mwisho ilibomoka mvua za mwaka wa pili.

Mara ya mwisho nilipokaa na Bibi Misitu kwa kirefu ilikuwa mwezi wa saba, mwaka jana. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Nilimkuta kitandani mchana, mablanketi mawili, mpwa wake ananikaribisha kwa chai ya tangawizi. Nilikuwa nimemletea ulezi na migebuka mikavu. Alipoona samaki akasema, "Nilikwenda huko, unajua."

"Wapi, bibi?"

"Kirando. Kabla ya magoti. Kwa basi, nimetapika njia nzima."

Alikuwa amemfuata yule bibi mkongwe. Alimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake amekaa kando ya dagaa walioanikwa, anawageuza kwa kupapasa. Hakuwa anaona kitu. Binti alisema macho yalianza kuingia ukungu miaka mingi iliyopita, tangu akiwa bado huku juu, lakini mama yake alikuwa anaficha ili asihamishwe nyumbani kwake.

"Nikamwambia nimekuja kumuuliza habari za yule fisi," Bibi Misitu akaendelea. "Akaniuliza, fisi gani? Nikamweleza usiku, kigoda, waya. Akasema, 'Ah, yule mbwa.'"

Nikaweka kikombe chini.

"Alidhani ni mbwa wa watu. Anakuja kulia mlangoni kila usiku, shingo inanuka. Siku hiyo akasema acha nimtoe. Alihangaika na ule waya mpaka kucha zikatoka damu. Anasema alikuwa mbwa mpole, ila mkubwa, na alikuwa na harufu ambayo hajaielewa hadi leo."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili iweje?"

Mpwa wake alikuwa anapasua kuni nje. Nilidhani ameishia hapo, na nilikuwa tayari kucheka au kulia, sijui kipi. Ndipo akasema, "Nilimuuliza na jambo lingine. Kwa nini waligeuka kutazama kamera. Kamera ile haina sauti, Mama Atu. Na yeye haoni."

Nikayakumbuka yale macho yasiyowaka.

"Akasema hakugeukia kamera. Aligeukia mtu. Nyuma ya mkaratusi kulikuwa na mtu, akakohoa. Mbwa akashtuka akakimbia. Yule mtu akanyamaza muda mrefu, anamsikia anavyopumua, kama aliyepanda mlima. Kisha akasema, 'Shikamoo, bibi.' Naye akamwitikia, 'Marahaba, mwanangu.' Yule mtu akamwambia, 'Ingia ndani, kuna baridi.' Bibi akaingia, akafunga mlango."

"Sauti aliijua?"

"Aliijua. Alimzalisha mama yake." Hakutaja jina, na hakuwa na haja.

Nikamfikiria yule bwana kwenye dawati la nyuma, mikono kifuani, anasema waya hukatika. Alikuwa ameona kile tulichokiona sisi, si kwenye kioo, bali hatua chache mbele yake, kwa mwanga wa mwezi.

"Saa tisa usiku," Bibi Misitu akasema taratibu. "Mtu haendi nyumba ya mwisho saa ile kusalimia. Nimejiuliza mara nyingi alikuwa ameshika nini mkononi."

"Umewahi kumuuliza?"

"Hapana. Nilikuwa nikikutana naye sokoni. Ananitazama, anajua kwamba najua. Anavua kofia, ananiamkia."

Akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Nami namwitikia," akasema.